Ghala la mita 4.6 kutoka relini: shajara ya kubomoa

Siku ya 1, Jumatatu

Nimepima mwenyewe kwa futi kamba, sikutaka kutegemea mchoro wa zamani. Kutoka ukuta wa mashariki wa ghala hadi reli ya karibu ni mita 4.6. Ukuta wenyewe, kutoka ardhini hadi ncha ya gebo, ile pembetatu ya juu chini ya paa, ni mita 5. Hesabu haihitaji kalamu: ukuta huo ukilala mzima upande wa njia, ncha yake inalala juu ya reli. Na behewa ni pana kuliko reli, linachomoza pande zote mbili, kwa hiyo litaguswa hata na kitu ambacho hakijaifikia reli.

Majengo ni matatu: ghala la mizigo, nyumba ya mlinzi yenye vyumba viwili, na choo cha shimo nyuma yake. Yako kwenye stesheni ndogo magharibi ya jiji la Mbeya, katika njia ya TAZARA, ile iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860. Majengo yamekufa siku nyingi, lakini reli iko hai. Shaba ya Zambia inashuka hapa kwenda bandarini, na mizigo ya kule, mbolea na mafuta, inapanda. Hakuna atakayeisimamisha njia kwa ajili ya ghala bovu.

Tangu nikubali kazi hii nimeambiwa na watu watatu: "Dada Injinia, leta kijiko, nusu siku mmemaliza." Kungekuwa na uwanja ningeileta mashine hiyo ya kuchimbia. Hapa mkono wa kijiko ukigeuka tu umeshaingia njiani, na ukuta ukishasukumwa huwezi tena kuuambia uangukie wapi. Kwa hiyo kwenye kikao cha asubuhi nimelipiga marufuku neno "kuangusha". Vijana wamelicheka kidogo, kisha wamelizoea. Tunashusha. Kilichowekwa mwisho na fundi wa kwanza ndicho kitakachotoka kwanza: bati, papi (mbao zinazopigiliwa bati), kenchi (fremu za mbao za paa), gebo, lenta (mkanda wa zege juu ya ukuta), ukuta, msingi.

Siku ya 2, Jumanne

Nusu ya siku nimekaa ofisini kwa stesheni masta, na sijutii hata dakika moja. Njia ni moja tu, treni inaweza kutokea Mbeya mjini au kutokea Tunduma, na treni ya mizigo haiji kwa saa ya ukutani. Injini yenye mabehewa yaliyojaa haisimami kama daladala. Dereva akivuta breki sasa hivi, treni itakwenda mamia ya mita, pengine kilomita nzima, ndipo itulie. Ina maana akiona tofali relini karibu na ghala, ameliona kwa kuchelewa.

Tumekubaliana hivi. Kazi ya upande wa njia haianzi mpaka atupe dirisha, yaani muda ambao njia imefungwa na hakuna treni itakayopita. Anaandika saa ya kufunga njia na ya kuifungua katika daftari lake, mimi naandika katika langu, kisha tunasomeana. Kwa simu, akisema narudia maneno yake yote, hata kama mtandao uko safi. Dirisha likiwa la dakika 50, watu wangu wanashuka dakika 15 kabla halijaisha, na dakika hizo ni za kukagua njia kwa miguu. Ameahidi pia ubao wa mwendo pole pande zote mbili hadi tutakapomaliza.

Walinzi wa njia ni wawili, kila mmoja kama mita 800 kutoka kwetu, na bendera nyekundu, bendera ya kijani, filimbi na simu. Upande wa Mbeya mjini kuna kona iliyofichwa na mikaratusi. Pale nimemweka Mzee, mstaafu wa gengi la reli, kikosi cha kutunza njia. Kijana mmoja alimwamkia, "Shikamoo Mzee," akaitikiwa, kisha akauliza kama ni kweli watu wa gengi hulaza sikio relini kusikiliza treni. Mzee akamtazama kwa upole. "Mwanangu, ukiweka sikio relini umeshaweka na kichwa."

Siku ya 3, Jumatano

Jambo ambalo halikuwa katika mchoro wowote: watoto. Kati ya ghala na nyumba ya mlinzi kuna kinjia chembamba kilichokanyagwa hadi kimeng'aa. Wanafunzi hukatiza hapo asubuhi na tena saa 8 mchana. Mama anayetupikia, ambaye kibanda chake kiliegemea ukuta wa kusini wa ghala (ameshakihamishia upande wa barabara), ndiye aliyenionyesha. "Mwanangu, hao hata ukiweka kamba watapita chini yake. Ongea na mwalimu, halafu weka mtu wanayemjua."

Nimekwenda kwa mwalimu mkuu. Tumezungusha senyenge, tumefungua njia nyingine ya kupitia kivuko cha stesheni, na Mama mwenyewe amekubali kusimama pale nyakati hizo mbili. Anamjua kila mtoto kwa jina la bibi yake. Kazi yetu haianzi kabla ya saa 2 asubuhi, na kuanzia saa 8 kasoro robo hadi saa 8 na nusu mchana hakuna nyundo.

Siku ya 4, Alhamisi

Fundi wa TANESCO ameondoa waya kutoka nguzoni na kutuachia karatasi. Karatasi nimeiweka faili, kisha nimechukua testa na kupita chumba kwa chumba, swichi kwa swichi. Nyumba ya mlinzi, hakuna kitu. Ghala, testa imewaka. Kulikuwa na waya wa pili, umepita chini ya fishabodi, ubao wa ukingo wa paa, kutoka jengo la jirani, umezungushiwa utepe mweusi uliokwishachanika. Aliyeuvuta huenda alitaka taa moja tu ya kupakulia mizigo usiku. Fundi amerudi jioni ileile akaukata. Hadi mwisho wa kazi hii testa haitoki mfukoni mwangu.

Siku ya 6, Jumamosi

Nyuki kwenye dari la nyumba ya mlinzi. Tumemwita mfugaji wa nyuki, amekuja na mzinga jioni giza lilipoanza kuingia, amewahamisha. Kuwafukuza kwa moshi mchana, hatua chache kutoka jukwaa la abiria, nilikataa.

Siku ya 8, Jumatatu

Paa la ghala ni la asbesto. Nililishuku tangu siku ya kwanza: kijivu, mawimbi mapana, unene wa kidole chembamba, ukungu wa kijani upande wa kusini, na likigongwa linatoa sauti ya sahani, halilii kama bati. Pale lilipovunjika, ukingo wake unaonyesha nyuzi nyepesi kama za pamba. Hizo nyuzi ndizo ugonjwa. Asbesto ikiwa nzima na imetulia, haimsumbui mtu. Ikivunjwa, ikikatwa kwa msumeno au ikibamizwa chini, nyuzi zinapanda hewani, ndogo kiasi kwamba jicho halizioni, zinaingia mapafuni na hazitoki. Saratani na mapafu kuwa magumu vinakuja miaka 20, 30, hata 40 baadaye, wakati huo kibarua hakumbuki tena kwamba aliwahi kupanda paa lile.

Tumekwenda hivi. Watu wanne tu, wamevaa ovaroli za kutupwa na barakoa zenye chujio la daraja la juu. Za kitambaa na zile za hospitali nimezikusanya zote nikazificha, mtu asije akajidanganya nazo. Kabla ya kugusa, tumelowesha. Kijana mmoja wa Uyole alileta wazo ambalo sikuwa nalo: bomba la mgongoni, lile la kupulizia viazi dawa. Tumenunua jipya, ambalo halijawahi kuona dawa, tukaweka maji na sabuni kidogo ili maji yashike badala ya kuteleza. Maji ya pipa mwezi huu wa saba yanauma vidole kama sindano. Tumebadilishana kila robo saa.

Skrubu zilikuwa zimeoza kwa kutu. Njia ya haraka ni kuikung'uta shiti kwa nyundo hadi ivuke kichwa cha skrubu, na hiyo ndiyo njia inayoivunja. Tumekata kila skrubu kwa mkasi wa nondo, kutoka chini, huku mwingine akipuliza maji palepale penye taya za mkasi. Shiti moja dakika 12. Inashushwa kwa mikono minne juu ya ngazi ya mbao iliyolazwa, inapokelewa, inalazwa juu ya nailoni, inafungwa tabaka mbili, inabandikwa utepe, inaandikwa kwa herufi nene. Vipande vilivyokwishavunjika zamani vimeokotwa kimoja kimoja vikiwa vimelowa. Ufagio mkavu haukuguswa.

Jioni alikuja jirani, mtu mzima, mstaarabu, amevua kofia. "Dada Injinia, mabati mazuri yale yanakwenda kufukiwa? Nipatie sita tu, niezeke banda la nguruwe."

Nimemkalisha kwenye tofali, nikakaa na mimi. Nimemweleza kwamba atayatoboa ili kupiga misumari, na vumbi litakuwa usoni pake. Kwamba mwanawe ndiye atakayefagia banda. Kwamba siku atakapolibomoa hatakuwa na bomba la maji wala barakoa. Akanyamaza, akasema paa la jikoni kwa mama yake ni hilohilo. Nikamwambia asilivunje kwa hofu. Lisitobolewe, lisisuguliwe, lisipandwe. Siku ya kulitoa alitoe kama sisi. "Ndaga," akasema, asante ya huku kwetu, akaondoka bila mabati. Nimefikiria jiko la mama yake usiku kucha. Mizigo yetu inaondoka na msafirishaji mwenye kibali cha taka hatarishi, na kwangu haitapungua hata shiti moja katika hesabu: 64.

Siku ya 10, Jumatano

Leo ndiyo siku ninayopaswa kuiandika vizuri kuliko zote.

Nyumba ya mlinzi iko mita 9 kutoka relini na paa lake ni bati la kawaida, hivyo tuliliona jepesi. Saa 6 na nusu vijana walikuwa wameng'oa misumari minne ya bati la pembeni, yakabaki mawili. Chakula kikaitwa. Mimi ndiye niliyesema, "Shukeni mle, mtamalizia." Katika nyanda hizi asubuhi ya kipupwe hutulia, lakini mchana upepo unaamka, na mimi nimezaliwa hapa, nalijua hilo tangu utoto. Tulikuwa bado tunanawa mikono tuliposikia bati linalia. Liliinuka upande mmoja kama ukurasa wa kitabu, likang'oa misumari miwili iliyobaki, likageuka hewani mara moja na kwenda kulala juu ya reli zote mbili.

Nilipiga filimbi. Mlinzi wa upande wa Tunduma tayari alikuwa na bendera nyekundu juu. Mzee, upande wa kona, hakutuona, alisikia filimbi tu. Akainua bendera na kuanza kutembea kuelekea mbali nasi, kuelekea huko treni ingetokea, kwa sababu kila hatua aliyoongeza ilikuwa ni hatua aliyompa dereva. Nilimpigia stesheni masta: "Njia imezibwa, nyumba ya mlinzi." Akarudia: "Njia imezibwa, nyumba ya mlinzi. Treni ipo stesheni ya jirani, naizuia." Ndipo tukaingia njiani watu wawili, tukalinyanyua bati, tukakagua reli, mataruma ya zege na kokoto mita 30 kila upande. Tuliokota misumari miwili. Dakika 6 kwa saa yangu, tangu filimbi hadi nilipomwambia njia ni safi.

Treni ilipita baadaye taratibu, dereva akatupungia mkono. Hakujua, au alijua. Nilisimamisha kazi yote hadi kesho.

Kosa ni langu na nimeliandika hivyo katika taarifa. Vijana walitii amri yangu. Kanuni kuanzia sasa: bati likishang'olewa msumari wa kwanza, hakuna anayeshuka mpaka bati hilo liwe chini, limelaliwa na tofali nne. Na hakuna kazi ya paa baada ya saa 5 asubuhi, hata kama anga limetulia kama maji ya mtungi.

Siku ya 11, Alhamisi

Paa la mlinzi limeisha saa 4 na dakika 40. Kenchi zimeshushwa na kung'olewa misumari.

Siku ya 15, Jumatatu

Tumeingia kwenye gebo la mashariki. Ukuta huu wote una uzito wa kama tani 11, na pembetatu ya juu peke yake karibu tani 3. Ulikuwa umeshikwa na paa. Sasa paa halipo, umesimama kwa miguu yake tu. Kwa hiyo kuta mbili za ndani zinazokutana nao hazitaguswa hadi mwisho, ndizo mikono yake. Jukwaa la mirunda liko ndani ya ghala. Upande wa njia tumeweka wavu wa senyenge tu, umefungwa ukutani, wa kudaka vipande. Kuna aliyependekeza turubai. Turubai ni tanga. Baada ya bati la Jumatano sitaki kitu chochote kinachopendwa na upepo.

Wiki iliyopita nilichora mistari ya penseli kukatiza nyufa tatu, na tarehe pembeni. Leo mistari miwili imekutana vizuri. Wa tatu, karibu na kona ya reli, umeachana milimita 2. Nimesimama mbele yake treni ya mizigo ikipita: kwanza mchanga mwembamba ukatiririka kutoka ndani ya ufa, kama unga kwenye chekecheo, halafu ndipo nikausikia mtikisiko miguuni. Mchanga uliendelea kutoka kwa muda hata mabehewa yalipokwisha. Tangu hapo amri ni kwamba treni ikiwa imeondoka stesheni ya jirani, hakuna mtu juu ya jukwaa, wala chini ya ukuta, upande wowote.

Siku ya 16, Jumanne

Kozi kwa kozi, yaani mstari mmoja wa tofali baada ya mwingine. Juu kabisa, mvua za miaka mingi zimekula udongo wa saruji, tofali linatoka kwa tindo na kugongwa kidogo. Kozi ya nne kwenda chini ni ngumu, waliojenga hawakuiba saruji. Fundi mkuu analigonga tofali kutoka upande wa njia kuja ndani, daima ndani, na kulipokea kwa kiganja kabla halijaamua lenyewe. Kisha linateleza kwenye bomba la mbao hadi sakafuni, juu ya magunia yaliyoloweshwa. Madirisha matatu tumepata leo, jumla saa mbili na robo za kazi halisi. Gebo limepungua mita moja na robo. Kuna aliyeona ni kidogo. Mimi nimelala vizuri.

Siku ya 17, Jumatano

Lenta. Mkanda wa zege wa mita 7, sentimita 20 kwa 20, kilo zaidi ya 650. Jambo la kuogopa katika lenta ni nondo. Zege likishapasuliwa unaona kama kipande kimeachia, kumbe nondo nne bado zimekibeba, na ukikata ya mwisho kinadondoka kwa kishindo na kuvuta wenzake. Tumekiegemeza kila kipande cha mita moja kwa mirunda miwili kabla ya kugusa zege, tukakifunga mnyororo wa chenibloku, winchi ya mkono ya kushushia mizigo, tukapasua zege kwa tindo, tukakata nondo kwa msumeno wa mkono: za chini kwanza, za juu mwisho, mnyororo ukiwa umekaza. Vipande saba, kila kimoja kama kilo 96, vimeshuka polepole kama ndoo kisimani.

Grainda ingekwenda mbio zaidi. Lakini inarusha cheche, na majani makavu ya kipupwe yamejaa kando ya tuta.

Siku ya 18, Alhamisi

Kuta zimefika kiunoni. Kutoka hapa hakuna tena cha kufika relini, na mabega ya watu wote yameshuka, nimeyaona.

Siku ya 20, Jumamosi

Siku ya kifusi na mtaro. Mtaro wa reli unapita kati ya ghala na tuta, na ulikuwa umejaa chembe za zege kuliko nilivyodhani. Sasa ni mkavu, ni rahisi kuusahau. Lakini mvua zikianza Novemba, maji yanayoshuka mlimani yakikuta mtaro umeziba yatatafuta njia chini ya kokoto, na kokoto zikiondoka, reli inaning'inia. Tumeuzoa kwa chepe hadi udongo wa asili, mita 40. Tofali nzima 900 na kitu zimesafishwa. Zinakwenda shuleni, mwalimu mkuu ana ukuta wa kumalizia. Zilizovunjika zimepakiwa kwenye tipa. Kila tipa likipakiwa lilisimama upande wa barabara, mgongo kwa njia, gurudumu limewekewa kigingi.

Siku ya 22, Jumatatu

Shimo la choo lilikuwa la mwisho. Limenyonywa, limewekwa chokaa, limejazwa kwa tabaka za sentimita 30 na kila tabaka likashindiliwa, kwa kuwa liko mita 11 tu kutoka kwenye tuta linalobeba treni.

Saa 9 alasiri mimi, Mzee na stesheni masta tumetembea njia yote, mita 100 kila upande. Mzee alikuwa mbele, ameinama, mikono nyuma. Aliokota skrubu moja ya asbesto kati ya mataruma, imeoza, ndogo kama jino, akanipa bila kusema neno. Nimeifunga ndani ya nailoni na kuiweka kwenye mzigo wa mwisho. Ubao wa mwendo pole umeng'olewa saa 10 na dakika 10, tumesaini madaftari yote mawili.

Udongo wa kujazia huwa unashuka. Nitarudi kupima shimo la choo baada ya mvua ya kwanza, na tena Januari, na mistari ya kipimo nimeshaipiga rangi nyeupe kwenye jiwe la pembeni.